Namba tasa ya ufunguo: 561 inavyopita na inavyonaswa

Anayeandika programu ya malipo kwa wauza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, na anataka kutengeneza mwenyewe ufunguo wa RSA (mfumo wa kufunga siri kwa namba tasa mbili kubwa), kwa kawaida huanza kwa kugawa: 3, 5, 7, hadi kufikia kipeuo cha pili cha namba. Kwa tarakimu sita, sawa. Ila ufunguo wa biti 2048 unataka namba tasa mbili, kila moja biti 1024, tarakimu zipatazo 308. Kompyuta haitamaliza.

Kugawa kubaki kazi ya chekeche tu. Dagaa hupepetwa mchanga kabla ya kupanda mizani. Nawe gawa kwa namba tasa ndogo, tuseme zote chini ya 2000, ndipo upime kweli.

Kipimo cha Fermat (n ikiwa tasa, namba ndogo kuliko n kwa kipeo cha n − 1, ukigawa kwa n, hubaki 1) kisikudanganye. Chukua 561, yaani 3 × 11 × 17. (Chekeche lingeinasa, tunaitumia kwa kuwa ni ndogo.) 2 kwa kipeo cha 560, ukigawa kwa 561, hubaki 1, kana kwamba ni tasa. Kipimo cha Miller-Rabin huchungulia njiani, kabla ya kufika kipeo cha mwisho. 560 ni 16 × 35, basi anza na 2 kwa kipeo cha 35: baki 263. Zidisha baki kwa lenyewe: 166. Tena: 67. Tena: 1. Imenaswa! Kwa namba tasa, 1 huzaliwa na 1 au 560 tu, si 67.

Kila duru, yaani kupima kwa kizio kimoja kama 2 hapo juu, isiyo tasa ina nafasi isiyozidi robo ya kuponyoka. Duru 64 zatosha hata kwa namba uliyoletewa na mtu. Lakini vizio vya kupimia vichaguliwe kwa bahati nasibu kila mara. Ukivikariri, mjanja atakuundia namba ya kuvipita vyote.

Kwenye Python andika pow(a, d, n), a ikiwa kizio, d kipeo na n namba unayoipima; usiandike a**d % n, itaganda. Usishangae namba mia kukataliwa mfululizo: kati ya namba witiri za biti 1024, tasa ni kama moja katika 355.

Balaa kubwa haliko kwenye kipimo. Mwaka 2012 watafiti walikuta funguo nyingi mtandaoni zikichangia namba tasa moja, kwa sababu vifaa vilichota bahati nasibu dhaifu. KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika) ile ile ya shule ya msingi ilizifungua. Kwa hiyo kwenye Python chota bahati nasibu kwa moduli ya secrets, si random. Na kwa mfumo unaoshika fedha za watu, ufunguo utolewe na programu ya openssl. Msimbo wako ubaki wa kujifunzia.