Nimekuwa wa pili kwenye tenda, nipinge au ninyamaze?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kampuni ndogo ya ujenzi hapa Texas, tuliomba tenda ya kubadilisha paa la ghala kwenye kambi ya jeshi, zabuni zikafunguliwa mbele ya watu, tukawa wa pili, aliyetushinda katupita kwa dola 41,000. Sasa siku ya kufungua niliona kwa macho yangu fomu yake haina saini ya kukiri kupokea marekebisho namba 2, na hayo ndo yaliyoongeza kazi ya kutoa asbesto! Ijumaa imekuja barua kwamba kapewa yeye. Mwenzangu anasema tuombe kwanza dibrifingi tuelezwe kwa nini tumekosa, shemeji anasema twende mahakamani moja kwa moja, mimi naogopa tukipinga hatutapewa kazi tena. Tufanyeje?
Kontrakta Mdogo, Texas

JIBU: Marahaba. Kabla hujamaliza kusoma hili jibu nenda katafute mkataba ulisainiwa tarehe ngapi, sio barua imekufikia lini, ulisainiwa lini. Mpigie afisa wa manunuzi umuulize, hilo sio siri.

Nakuambia hivyo kwa sababu kuna saa mbili za kuhesabu siku zinakimbia kwa pamoja na watu wengi wanaiona moja tu. Ya kwanza ni ya kupeleka pingamizi GAO, ile ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge la Marekani, una siku 10 tangu ujue au ulipopaswa kujua sababu ya kulalamika, na ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, ila ya mwisho ikiangukia wikendi au sikukuu inasogea mpaka siku ya kazi inayofuata. Saa ya pili ni ya kusimamisha kazi. Kwa sheria ya 1984 mkataba unasimama wenyewe bila hakimu, lakini mpaka GAO iwe imeitaarifu idara iliyotoa tenda ndani ya siku 10 tangu mkataba kutolewa, na GAO nao wana siku moja ya kutuma hiyo taarifa, kwa hiyo ukipeleka siku ya 10 jioni unaweza kuwa umewahi kwenye pingamizi na umechelewa kwenye kusimamisha, kesi yako inasikilizwa huku aliyekushinda anaezua paa. Kama mkataba ulisainiwa Jumanne na wewe barua umeipata Ijumaa, siku tatu zimeshaliwa tayari. Na siku ya GAO inaisha saa 11 na nusu jioni kwa saa za Washington, nyie huko mkiwa bado mnakunywa chai ya saa kumi.

Hiyo ya dibrifingi mwambie mwenzako aachane nayo. Mimi iliniponza. Nilikosa kazi ya uzio, nikaandika barua ya kistaarabu kuomba maelezo, nikakaa kusubiri, wakanijibu vizuri tu, nikapeleka pingamizi siku ya 16, likatupwa bila hata kusomwa ndani. Kumbe ile ruhusa ya kuhesabu siku baada ya dibrifingi ni ya tenda za mapendekezo na majadiliano, ambako dibrifingi ni haki yako ukiiomba kwa maandishi ndani ya siku 3. Kwenye zabuni za bahasha zinazofunguliwa hadharani hamna hiyo haki, bei zimesomwa ukisikia, unangoja uelezwe nini tena.

Sasa hoja yako yenyewe. Ina nguvu, lakini usiikimbilie. Marekebisho yanayogusa bei au wajibu wa mkandarasi lazima yakiriwe kabla ya kufungua, asiyekiri hajajifunga kufanya hiyo kazi, na idara haiwezi kumwita pembeni ikamwambia njoo usaini. Kutoa asbesto ni wajibu, hapo hamna ubishi. Ingekuwa marekebisho yamesogeza tu tarehe ya kufungua wangesema ni kasoro ndogo wakasamehe. Ila kaangalie jedwali lake la bei, kama marekebisho yaliongeza mstari wa asbesto na yeye kaujaza bei, GAO watasema kakiri kwa vitendo hata kama hakusaini, na wewe umebaki na hewa. Mstari ukiwa mtupu au jedwali ni la zamani, unayo kesi. Uzuri mwingine ni kwamba wewe ni wa pili, akitoka yeye unaingia wewe. Wa tatu angelazimika kuwaangusha wote wawili.

Kwenye kuandika, usiweke mambo ya wamekula rushwa kama huna ushahidi, GAO wanaanza kwa kuamini kwamba afisa alikuwa na nia njema na maneno ya hasira yanaharibu hoja nzuri. Usiseme pia bei yake ni ya hasara, mtu anaruhusiwa kubeba kazi kwa hasara kama anataka. Kurasa mbili tatu zinatosha, weka nakala ya fomu na nakala ya marekebisho. Wakili sio lazima GAO. Mahakamani kampuni lazima iwe na wakili, na kazi haisimami yenyewe huko mpaka umshawishi jaji, shemeji ana hela za watu huyo.

Hukumu inatoka ndani ya siku 100 lakini kesi kama yako mara nyingi haifiki huko, wanasheria wa idara wakiona fomu haina saini wanarekebisha wenyewe. Mwaka wa fedha 2024 waliofika kwenye hukumu wakashinda walikuwa asilimia 16 tu, ila ukijumlisha na wale ambao idara ilirudi nyuma yenyewe ni asilimia 52. Faida uliyokosa hulipwi, unaweza kurudishiwa gharama za zabuni na za pingamizi.

Kuhusu kuogopa, maafisa wamezoea. Mimi afisa yule yule aliyenishinda kwa tarehe alinipa kazi mwaka uliofuata.

SWALI: Mimi ni sabkontrakta wa umeme, mkandarasi mkuu niliyekuwa chini yake kakosa tenda na hataki kupinga. Naweza kupinga mwenyewe? Tenda ni ya shule za jimbo.
Fundi Umeme

JIBU: Hapana mara mbili. GAO wanamsikiliza aliyeomba tenda mwenyewe, sio aliye chini yake, na tenda za jimbo hawazigusi kabisa hata kama hela imetoka Washington. Soma sheria ya manunuzi ya jimbo lako leo hii, muda wao unaweza kuwa mfupi kuliko huo wa siku 10.