Kabla hujang'oa injini ya Corolla yako

Gari langu ni Corolla 100 ya mwaka 1994, ile ya injini ya 5A na gia ya otomatiki. Nyumbani ni Kakamega, kazi iko Njoro, kwa hivyo kila Desemba tunajaa humo watu watano na mizigo na kupanda kuelekea Mau Summit. Miaka miwili iliyopita gia ikaanza kuteleza. Pale kwenye mlima wa Sachangwan nikikanyaga mafuta, injini inalia lakini gari halisongi, na malori yanatupita madereva wakituangalia kwa huruma.

Fundi wangu wa Shabab, Nakuru, akaniambia, "Mwalimu, gia nyingine ya otomatiki ni pesa ya kutupa. Weka injini kubwa kidogo, 7A, na gia za mkono, utasahau hii shida." Nilimsikiliza, na sijuti. Lakini yako mambo ambayo angeniambia kabla hatujafungua hata nati moja, na kwa kuwa hakuniambia, nakuambia wewe.

Kwanza, kama unaishi huku juu, usidanganywe na namba ya ukubwa wa injini iliyo kwenye logibuku. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni pungufu kwa kama sehemu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, inavuta hewa iliyopo, basi. Ile 5A yangu ya sisi (cc) 1,498 ilikuwa ikifanya kazi kama injini ya 1,200 iliyo pwani, na ukifika Timboroa, juu ya mita 2,700, hali ni mbaya zaidi. 7A ina sisi 1,762. Hapa Nakuru inapumua kama 1,400 hivi. Kwenye karatasi tofauti ya nguvu ni farasi kumi na kitu tu, na ukitafuta gari la mashindano utavunjika moyo. Tofauti utaiona mlimani, injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini na gari limejaa, kwa sababu pistoni za 7A zina mwendo mrefu zaidi, milimita 85.5 badala ya 77.

Gia za mkono nilizitaka kwa sababu ya kushuka, wala si kupanda. Anayeijua barabara ya kutoka Mau Summit hadi Salgaa anajua kwamba hapo breki zinachemka. Nikiwa na gia ya tatu, injini yenyewe inashikilia gari na mguu wangu unapumzika.

Sasa injini. 4A, 5A na 7A ni ndugu wa familia moja, na gia ya mkono ya C50 inafunga nyuma ya zote. Ndiyo maana mafundi wanasema "inaingia tu". Kuingia inaingia. Lakini bloku ya 7A ni ndefu kwenda juu kuliko ya wenzake, na urefu huo una madhara yake. Mkanda wa taimingi si ule wa 4A. Kijana wa gereji alitumwa dukani mara mbili kabla mwenye duka hajakubali kwamba mikanda hiyo inatofautiana. Bomba la eksozi nalo halikukutana na mwenzake, ikabidi likatwe na kuchomelewa kipande.

7A nyingi zinazouzwa hapa zinatoka kwenye Toyota Premio za zamani, zile tunazoziita nyoka, na nyingine ni za ule mtindo wa kubana mafuta. Hizo zina kichwa na sensa za kwao. Ukiipata, inunue pamoja na kompyuta yake na waya zake zote, zisizokatwa. Fundi atakwambia kompyuta ya zamani itafanya kazi. Labda gari litawaka, lakini mafuta litakayokunywa utayalipia wewe, si yeye.

Na hapa ndipo nilipoumia: injini ndiyo sehemu rahisi. Ilishushwa Jumamosi, mpya ikapandishwa Jumapili mchana. Kisha gari likakaa kwenye mawe wiki tano.

Tulikosa nini? Tulikosa pedali ya klachi. Gari la otomatiki lina pedali mbili, na ile ya tatu haiuzwi dukani kama plagi. Fundi alitaka kunichomea moja ya nondo, nikakataa katakata. Tulikosa pampu ya juu ya klachi, ya chini, na kale kabomba kanakounganisha hizo mbili. Kebo za kubadilisha gia, na kile kitako cha fimbo ya gia kinachokaa kati ya viti. Kishikio cha gia upande wa kushoto, kwa sababu gia za mkono haziketi pale ilipoketi otomatiki. Shafti za magurudumu, maana zile za zamani hazikulingana na C50. Kila kimoja kilitafutwa peke yake, kimoja Nakuru, kingine Grogan kule Nairobi, na kebo zikapatikana Kisumu kwa mtu aliyekuwa akichinja Corolla iliyopata ajali.

Huyo wa Kisumu ndiye aliyenifungua macho. Gari zima la ajali lenye gia za mkono, lililopondeka nyuma, angeniuzia mwanzoni kwa bei ambayo mimi tayari nilikuwa nimeipita nikinunua vipande vipande. Kwa hivyo usinunue injini kwanza. Tafuta kwanza gari la gia za mkono la mwili kama wako, hata kama halina injini, ulichukue pamoja na pedali, kebo, shafti na skrubu zake. Injini utaipata siku yoyote.

Ukifika kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalobeba klachi, hesabu matundu ya boliti kwenye krenki, shafti ya injini inayolishika, kabla hujalipa. Katika familia hii ya A ziko krenki za boliti sita na za boliti nane, na macho hayatakuonyesha mpaka uhesabu. Angalia pia kama meno ya sahani ya klachi yanaingia kwenye shafti ya gia. Klachi na beringi yake nunua mpya. Kung'oa gia mara ya pili kwa sababu ya beringi ni adhabu.

Siku ya kuwasha, gari lilikataa hata kukohoa. Betri nzima, stata nzima. Tulihangaika tangu asubuhi hadi saa kumi, mpaka fundi wa umeme, kijana mpole ambaye nilidhani hajui kitu, akauliza, "Hii si ilikuwa auto?" Kwenye otomatiki umeme wa stata hupitia swichi iliyo kwenye gia, ili gari lisiwake isipokuwa liko kwenye P au N. Swichi ilikuwa imeondoka na gia ya zamani. Akaunganisha waya mbili, gari likanguruma. Kumbuka tu kwamba sasa litawaka hata likiwa ndani ya gia, kwa hivyo kanyaga klachi kwanza, na uwafundishe wote nyumbani. Taa za kurudi nyuma nazo zilikuwa kwenye swichi hiyohiyo. Waya wake unahamishiwa kwenye gia mpya.

Karatasi usiziache mwisho kama mimi. Logibuku ina namba ya injini na ukubwa wake, na vyote viwili vimebadilika. Dai risiti yenye namba ya injini na jina la muuzaji, uipige picha namba yenyewe kabla injini haijaingia ndani mahali usipoweza kuiona, kisha uombe mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri, na upeleke gari likaguliwe. Muuzaji anayesitasita kuandika risiti, mwachie injini yake. Bima waambie pia, tena kwa maandishi.

Gharama yangu kwa shilingi: injini na gia 95,000, vikorokoro karibu 60,000, ufundi 25,000. Breki za mbele nilizifanya upya kabla ya yote, na hizo sizihesabu. Kama mwili wa gari lako umeliwa na kutu, pesa hizi usizizike humo.

Desemba iliyopita tulipanda Sachangwan kwa gia ya tatu, watoto wamelala. Umebaki mlio mmoja chini ya fimbo ya gia, unaoanza mshale wa mizunguko ya injini ukifika 3,000. Fundi anasema ni kishikio cha upande wa kushoto. Kishikio hicho alikichomelea yeye.