Usimlete kwa kificho

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinikuta Mwaloni Jumanne, mikono imejaa dagaa, nikausoma jioni nilipofika nyumbani. Nimeusoma mara tatu. Umeandika: "Mama, mwezi ukipevuka natoka huku kambi ya dagaa. Nikienda Kisesa nikamchukua binti yangu nikamleta kwako Kirumba, utanilelea? Mama yake ananizungusha. Na baba wadogo wanasema mtoto ni wa kwetu, ng'ombe walitoka."

Jibu ni hapana, baba. Nimeliweka mwanzoni ili usisome barua yote ukitafuta mahali nilipokubali. Ukimleta usiku nitamfunika khanga, nitampa uji, na asubuhi nitapanda naye daladala nimrudishe Kisesa. Utasema mama yako amekugeuka, na nitaumia, lakini nitamrudisha.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia lote. Ulikuwa na miaka mitano, umri alio nao binti yako leo. Mimi na baba yako tulikuwa tumetengana miezi minne, nimerudi kwa bibi yako hapa hapa Kirumba. Jumamosi moja baba zako wadogo wawili walikuja, wakasalimia vizuri, wakaletewa maji wakanywa. Wakasema wanakupeleka mjini kukununulia viatu. Nilikuvalisha mwenyewe, kaptura ya kijani. Jioni ikaingia hamjarudi. Usiku jirani akaja kuniambia mmeonekana mkipanda meli ya Nansio, kule kisiwani Ukerewe.

Miezi saba sikukuona. Waliona hawajaiba kitu, kwa sababu mahari ilikuwa imelipwa yote. Uliporudi, baada ya wazee kukaa na kusuluhisha, ulikuwa na viatu kweli, vyeusi vya kamba, na vilikuwa vimeshaanza kukubana. Ukakataa kuvivua. Ulikuwa unalala navyo. Nikikuvua ukiwa usingizini unaamka, unapapasa gizani, unavivaa tena. Wala hulii. Unavivaa tu, unarudi kulala. Mchana mlango ukigongwa unakimbilia nyuma ya pipa la maji. Siku moja nilikuuliza kwa nini hutaki kuvua viatu, ukanijibu: "Wakija, nisiende peku."

Hukumbuki, na nilishukuru kwamba hukumbuki. Lakini nataka ujue kwamba waliokuchukua hawakukuchukia. Walikupenda. Shangazi yako alikulisha vizuri, ulirudi na mashavu. Hakuna aliyekupiga. Ulichojifunza kwao ni kwamba mtu anaweza kukwambia twende dukani, kumbe unahamishwa dunia. Ilichukua karibu mwaka mzima kukitoa hicho kichwani mwako.

Na upande wangu nao nikueleze, maana nisipousema nitakuwa nimekuandikia nusu. Baada ya pale nilimfungia baba yako mlango. Alikuwa anavuka kila baada ya wiki mbili tatu, ana sato wawili wamefungwa kwenye jani la mgomba, anasimama pale kwenye mwembe. Namwambia umelala. Namwambia umeenda Magu kwa mama mkubwa. Siku moja nilimwambia uko shule, na ilikuwa Jumapili. Alinitazama kwa muda, akaniachia samaki, akaondoka. Tuliwala jioni ile. Uliniuliza nani kawaleta, nikasema nimenunua. Safari zake zikapungua, halafu zikakoma, nawe ukakua ukidhani alikusahau. Alipofariki ukiwa kidato cha pili ulisimama kaburini kama mgeni aliyekuja kusindikiza wafiwa. Nilikuona. Hilo ni kosa langu, na nakuomba msamaha hapa, kwa maandishi.

Kwa hiyo kunyakua nakujua na kuficha nakujua. Alhamisi nilikwenda Kisesa kwa mkwe wangu, nikamweleza haya yote kama ninavyokueleza wewe, hasa ile ya samaki.

Alinisikiliza huku anachambua mchele. Hajasema hutamwona mtoto. Amesema hataki avushwe maji. Mara ya mwisho ulimpandisha mtoto mtumbwi wa mizigo kwa sababu meli ilikuwa imeshaondoka, bila jaketi la kujiokolea, na upepo ukawakuta katikati. Uliporudi ukamsimulia kama jambo la kuchekesha. Wewe umekulia ziwani, mwenzako ni mtu wa bara, na hata sisi wa ziwani hatuna la kujivunia hapo. MV Bukoba ilizama mwaka 1996 ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika Mwanza. MV Nyerere ilizama Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, ikaondoka na watu zaidi ya 200. Huko Ukerewe uliko unawajua watu waliozika. Unachokiita kuzungushwa, mwanangu, ni mama anayekosa usingizi.

Sasa hayo ya baba zako wadogo. Miaka niliyokaa kwenye baraza la kata niliyasikia hayo maneno mpaka yakanichosha: ng'ombe walitoka, mtoto ni wetu. Na la pili: akifika miaka saba baba anakwenda kumchukua. Yote mawili yanawapoteza vijana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto. Baada ya hapo ndipo inapoangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kuweza kujieleza, na mila za jamii. Mila imetajwa, lakini iko nyuma ya ustawi. Ng'ombe hawawezi kumtoa mtoto mahali anapolelewa vizuri. Na hiyo miaka saba maana yake ni hii: aliye chini ya umri huo hudhaniwa kuwa ni vema akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa sababu za kweli. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba akitimiza saba anahamia kwa baba kama anayepanda darasa. Hata akiwa na kumi, swali ni lile lile: wapi atakuwa salama, atasoma, atatulia.

Halafu kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 26 kinasema wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kuendelea kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango alichokuwa nacho kabla hawajaachana, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na yule mzazi mwingine anapotaka, ili mradi ratiba ya masomo yake isivurugike. Isome taratibu. Haki ya kutembelea imeandikwa kwa jina la mtoto. Mama yake akikuzuia bila sababu anamnyima binti yenu kitu chake, na wewe ukiahidi kuja halafu usitokee unamnyima kitu hicho hicho.

Kwa kuwa mtoto anakaa Kisesa, nenda ustawi wa jamii, halmashauri ya Magu. Hulipi. Mwambie afisa kwamba umetengana na mwenzako na unaomba msaidiwe kupanga namna ya kumwona mtoto. Atamwita na yeye, mtakaa, mtaandika, mtasaini. Mengi yanaishia hapo hapo, nimeyaona kwa macho yangu. Yasipoisha, unafungua maombi Mahakama ya Watoto, na huhitaji kuwa umepata talaka kwanza. Talaka ina njia yake, inaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, na mkifika huko tutaongea siku hiyo. Ukikwama kwenye maandishi, tafuta wasaidizi wa kisheria, hawadai fedha.

Ila ujue, shauri likifika mahakamani afisa ustawi hutakiwa kuandika taarifa ya pande zote mbili. Atauliza mtoto atalala wapi. Utamwonyesha nini? Kambi ya dagaa, wanaume kumi na wawili, mnatoka jioni mnarudi alfajiri? Sikudharau, kazi hiyo ndiyo imetulisha sote. Lakini kambi si mahali pa mtoto wa kike wa miaka mitano kulala, na hilo unalijua bila hakimu kukwambia. Ndiyo maana ulitaka kumleta kwangu. Sasa ukimtoa kwa mama yake aliye hai, mzima, anayemlea vizuri, ukamleta kwa bibi, utakuwa umeshinda nini?

Nimelifikiria hili usiku mwingi na nina pendekezo, nalo mkwe wangu hajalikataa.

Maofisini wanapenda kuandika "kila wikendi ya pili". Kwako haitafanya kazi, na utaonekana baba mtoro. Wewe hufanyi kazi kwa wikendi, unafanya kazi kwa giza. Wakati wa giza taa zinavuta dagaa na huwezi kutoka hata kwa dawa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa ufukweni. Basi mwombe afisa aandike hivyo hivyo: Jumamosi na Jumapili iliyo karibu na mwezi mpevu, kila mwezi. Ukipevuka Jumatano, mnachagua ya kabla au ya baada, na unamtumia mama yake tarehe wiki mbili mapema, kwa ujumbe wa simu, ili ubaki. Wewe unavuka kuja Mwanza. Mama yake anamleta kwangu Jumamosi saa nne, anakuja kumchukua Jumapili saa kumi. Mnalala hapa wote, wewe na binti yako, chumba cha nyuma. Mambo ya kumpeleka Ukerewe tuyaache mpaka atakapokuwa mkubwa kidogo na mama yake aridhike, na siku hiyo mtapanda meli, mtoto akiwa na jaketi lake. Likizo ya Juni na ya Desemba mnaweza kuongeza siku, hapa hapa.

Siku mbili kwa mwezi ni chache, najua. Zilizobaki una simu. Lakini mpigie kabla hujaingia ziwani jioni, saa moja, awe bado macho. Mtoto wa umri huo hana cha kusema kwenye simu zaidi ya dakika tatu, usikasirike akimpa mama yake simu na kwenda kucheza. Mwulize mambo madogo: leo mmekula nini, paka yuko wapi. Usimuulize unataka kukaa na nani. Niliwaona watoto wakiulizwa hivyo pale baraza, mbele ya wazazi wote wawili, na kila mara mtoto alitazama chini akachezea kifungo cha shati. Na usimtume maneno kwa mama yake. Ukiwa na neno, lipeleke mwenyewe.

Matunzo tuma kwa namba ya mama yake, kwa simu, kila mwezi, na zile jumbe za malipo usizifute. Mwezi ambao mtumbwi haukupata kitu tuma kidogo ulichonacho na useme ukweli. Usije ukasema "sitoi mpaka nimwone". Na nimemwambia mwenzako asije akasema "humwoni mpaka utoe". Amekubali hilo haraka kuliko nilivyotarajia, na alipokubali aliangalia pembeni. Nadhani alikuwa ameshalifikiria kulisema.

Hao baba zako wadogo waache kwangu. Mmoja wao ndiye aliyekushika mkono siku ile ya viatu, na bado tunasalimiana kwenye misiba. Nitamweleza kwa nini safari hii haiwezekani, na atanielewa au hatanielewa.

Mwezi utapevuka wiki ijayo Ijumaa. Njoo peke yako kwanza Alhamisi, twende wote Magu ustawi, nimeshamwomba mwenzako na yeye afike saa tatu. Yeye atakuwa na kaka yake, mimi nitakuwa na wewe. Ukikubali kusaini, Jumamosi mtoto analetwa hapa.

Amekuwa mrefu. Meno mawili ya mbele yanalegea na anamwonyesha kila mtu. Mama yake anasema viatu vya shule vimeanza kumbana na bado hajapata fedha ya vingine. Namba yake sasa ni 28. Vinunue Nansio ukiona vizuri, uje navyo mkononi, umvalishe mwenyewe hapa sebuleni mama yake akiwa hajaondoka.

Mama yako,
Kirumba