Ubao mdogo, prosesa kubwa

*Fundi, shikamoo. Nina prosesa ya Intel Core i5-13600K. Sebule yetu ni finyu, kwa hiyo nataka kompyuta ya gemu ikae kando ya televisheni. Muuzaji ananipa ubao mama wa Mini-ITX wenye chipseti ya B760, eti nitaongeza kasi nitakavyo. Ni kweli? – Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Usimpe hela bado. Herufi K maana yake kizidishi cha prosesa, yaani namba inayopanga kasi yake, hakijafungwa, lakini chipseti ya B760, ile inayoamua ubao unaruhusu nini, haikuruhusu kukigusa. Utaongeza kasi ya ramu tu. Tafuta Z690 au Z790.

Udogo usikutishe. Ubao huo ni sentimita 17 kwa 17, una nafasi moja ya kadi ya grafiki na kwa kawaida mbili za ramu. Nunua jozi ya GB 16 mara moja, maana hutakuwa na pa kuchomeka nyingine. Na uulize kama ubao unapokea ramu ya aina ya DDR4 au DDR5, haziingiliani.

Kazi ipo kwenye joto. Kando ya soketi kuna saketi zinazoshusha volti 12 zifike kama volti moja hivi ya prosesa. Februari iliyopita nilipandisha kasi ya kwangu, nikagusa kipoza cha saketi hizo: kidole nilikitoa mbio! Chagua ubao wenye kipoza kinene hapo.

Halafu pima kimo cha kipoza cha prosesa. Changu kiligonga ubavu wa kasha, nikauacha wazi wiki mbili, na paka wa jirani akapata pa kulala.