Leso ile haikupungua kitu

Mwenye duka mmoja wa mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, aliniomba nimgeuzie tangazo kwa Kiswahili. Lilikuwa fupi: leso, yaani kanga, ambazo ni "imperfect" zauzwa rahisi, na hazirudishwi. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Leso zisizo kamili, bei nafuu, hazirudishwi." Nikajiona mjuzi.

Asubuhi ile ile bibi mmoja akashika doti, akahesabu pande: moja, mbili. Akahesabu tena.

"Mwanangu, mbona zote mbili zipo? Kilichopungua ni nini?"

Hakikupungua kitu. Lililoharibika ni chapa: pindo limeingia ndani ya mji, ile sehemu ya katikati, kiasi cha vidole viwili, na jina, yale maneno ya leso, limekwenda mshazari hata herufi za mwisho zimeliwa na mkato.

Kosa langu lilikuwa la hesabu rahisi: "perfect" ni kamili, basi "imperfect" ni isiyo kamili. Kwa asili ya neno sikuwa mbali. Kilatini "imperfectus" ni kitu kisichomalizwa, na wanaofundisha sarufi ya Kilatini au Kifaransa huita hivyo wakati wa jambo lililokuwa likiendelea, mfano wa "alikuwa akipika". Wataalamu wa mimea nao huliita hivyo ua lenye jinsia moja tu. Yale maua ya mpapai dume yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu ni "imperfect", na hayana ubovu wowote.

Dukani lakini Mwingereza anakusudia dosari. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, jiulize: kitu kimekosa kipande, au kipande kipo ila kimeharibika? Kikikosa, sema hakijakamilika. Kikiharibika, sema kina kasoro, dosari au ila. Mimi napenda kasoro, kwa sababu tunalo kila siku kwenye saa: saa tatu kasorobo, yaani robo bado. Neno moja labeba upungufu na doa pia, hivyo kwenye matangazo huniokoa mara nyingi.

Mashine ina hitilafu. Embe lina doa, au limepondeka. Binadamu tunasema si mkamilifu, na ukamilifu wenyewe tunamwachia Mungu. Ulemavu usiuguse kabisa hapa. Huo ni hali ya mwili wa mtu, si sifa ya bidhaa wala ya tabia. Halafu kuna walakini, neno la "lakini" lililogeuka kuwa aibu. Ukiwa kwenye posa shangazi akasema, "Kijana mzuri, ila ana walakini," chumba kizima hunyamaza. Hilo usiliweke dukani, utafukuza wateja.

Hata kasoro peke yake haitoshi pesa zinapoingia. Mnunuzi ataka kujua kasoro gani, iko wapi. Nililichana lile tangazo, nikaandika: "Leso zenye kasoro ya chapa. Tazama pindo na jina kabla hujalipa. Hazirudishwi."

Bibi alikuwa bado yuko pale, doti mkononi. Akalisoma polepole, akaigeuza leso kwenye mwanga.

"Jina lenyewe nani atalisoma nikijifunga jikoni?" akasema, kisha akamgeukia mwenye duka. "Basi nipunguzie tena."