Kioo cha ukungu kilivyoninyima kazi

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, mlango wangu wa bafu wa kioo cha ukungu, kila nikiurenda, yaani kompyuta ikitoa picha yake ya 3D, unatoka kama nailoni. Nakosea wapi?" Nilikaa na ujumbe ule muda mrefu, kwa sababu neno hilohilo niliambiwa mimi, mbele ya watu.

Ilikuwa kazi ya kutengeneza picha za 3D za nyumba ya Mbezi Beach. Wiki mbili silali. Mteja akaitazama picha ya bafu, akamgeukia mwenzake: "Hiki ni kioo au nailoni?" Wakacheka. Kazi akapewa mwingine. Mpaka leo nikipita njia ile naangalia upande wa pili.

Lakini alisema kweli. Nilichanganya sheda (mpangilio unaoiambia kompyuta kitu kionekane vipi) ya uwazi na nyeupe nusu kwa nusu, kisha nikaipaka picha ukungu kwenye Photoshop. Taulo lililogusa kioo na ukuta ulio mita mbili nyuma yake vikafifia sawasawa.

Nikaenda kwenye karakana ya fundi aluminiamu, nikamwomba anioneshe kioo kilichopigwa mchanga. Nikabandika kiganja nyuma yake: hata mikunjo ya vidole ilionekana. Nikakirudisha shubiri moja, vidole vikayeyuka. Nikanyoosha mkono wote, ikabaki rangi tu. Fundi akalowesha kidole akachora mstari upande wenye mkwaruzo, na pale maji yalipopita kioo kikawa angavu, kwa kuwa maji yamejaza vile vishimo. "Ndiyo maana upande huu tunauelekeza nje ya bafu," akasema. "Ukilowa, unaonyesha." Nilisimama pale saa nzima. Hakuna video iliyowahi kunifundisha vile.

Usiku ule nikaanza upya kwenye Blender, programu ninayotengenezea picha za 3D. Kioo nikakipa unene wa milimita 8, kwa vipimo halisi, si karatasi isiyo na unene. Transmisheni (kupitisha mwanga) 1, IOR (kiasi cha kupinda mwanga) 1.5. Rafunesi, yaani ukwaruzo wa uso, nikaweka 0.3 upande mmoja tu. Wa pili nikauacha laini kabisa, ndipo ukapata ule mng'ao mkali wa taa ambao nailoni haina. Chagua GGX, hesabu ya jinsi mwanga unavyotawanyika kwenye uso wenye mkwaruzo: hiyo Bruce Walter na wenzake waliichapisha mwaka 2007 wakiilinganisha na vioo halisi walivyovipima. Ukungu unaoongezeka kwa umbali utakuja wenyewe, usiuchore.

Chumba cha nyuma kikiwa giza mno, fanya miale ya kivuli ipite kioo kama pako wazi. Chenga (vidoadoa kwenye picha) zikizidi, ongeza sampuli kwanza, yaani miale kwa kila nukta ya picha, halafu ndipo uzisafishe. Ukisafisha mapema, ule mchanga wa kioo unageuka uji.

Vijana wenzangu, tunataka wateja wa Dubai ilhali kioo cha choo cha ofisini hatujakitazama. Tunapakua materiali (sheda zilizokwisha tengenezwa) za bure, tunabandika, tunalalamika kompyuta ni dhaifu. Kompyuta yangu ilikuwa ileile niliyochekwa nayo. Simama mbele ya kioo. Weka mkono. Tazama, kisha utazame tena.

Na wewe uliyeniandikia, picha yako nimeiona. Rafunesi yako haina shida kubwa. Taulo umelitundika mbali na kioo, nyuma yake kuna ukuta mweupe mtupu, basi kioo hakina cha kuonyesha. Lisogeze mpaka likiguse, uweke na chupa yenye rangi nusu mita nyuma, urende tena. Nitumie leo usiku, nitakuwa macho.