Mafunzo ya leba bila semina: dakika tano wakati wa kupokezana zamu

Sista uliyeuliza kutoka mwambao wa Uvinza, nimekuelewa hivi: kituo kina wauguzi saba na wahudumu watatu, semina ya HBB (Helping Babies Breathe, mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga apumue) ya Kigoma mjini imechukua wawili tu, na hao wawili waliporudi wakatoa mrejesho wa dakika ishirini kwa kuonyesha picha kwenye simu. Mdoli wa mazoezi mnao, bajeti hamna. Unataka waliobaki nao waweze kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua.

Usisubiri semina nyingine. Hospitali ya Haydom kule Manyara walilipima jambo hili. Mafunzo ya siku moja ya mwaka 2010 yaliwafanya watumishi wafaulu vizuri kwenye mdoli, ila kazi yao halisi leba haikubadilika. Walipoanzisha mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale kazini, ndipo vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikapungua. Mkono husahau haraka kuliko kichwa. Mtu atakutajia hatua zote bila kukosea, halafu maski inavuja mkononi mwake.

Anza na mdoli wenyewe. Vituo vingi umefungiwa stoo, ufunguo anao inchaji, na inchaji yuko likizo. Uhamishie leba, karibu na meza ya kuhudumia mtoto, pamoja na ambu ya mazoezi (mfuko wenye maski wa kumpa mtoto pumzi) iliyoandikwa MAZOEZI kwa maka peni ili isichanganywe na ya watoto. Mdoli aina ya NeoNatalie hujazwa maji ya uvuguvugu kama lita 2 ili uwe na uzito wa mtoto. Ukimaliza, mwaga maji na uuache ukauke, la sivyo utaota ukungu ndani.

Muda ni wakati wa ripoti, zamu inapopokezana. Usiite semina, ukiita semina wataulizia posho, na wana haki ya kuuliza. Iwe sehemu ya ripoti tu. Mmoja anafanya, mwenzake anashika saa ya simu, basi. Wahudumu wasiachwe nje, maana usiku muuguzi akiwa peke yake na mama anayetoka damu, mara nyingi mhudumu ndiye mwenye mikono miwili iliyo huru. Zamu ya usiku ndiyo hukosa mafunzo kila mara, kwa hiyo zoezi lifanyike saa moja asubuhi kabla hawajaondoka, na jioni wanapoingia.

Zoezi lenyewe: anayeshika saa anasema "mtoto ametoka, halii" na saa inaanza. Kukausha, kubadilisha kitambaa kilicholowa, kusugua mgongo, kukata kitovu, kuanza kumpa pumzi kwa ambu. Yote ndani ya sekunde 60. Atakayechelewa, mara nyingi muda wake umeliwa na kunyonya ute. Ute hunyonywa pale njia ya hewa ilipoziba au kuna kinyesi cha mtoto mdomoni, na mdomo hutangulia pua. Kunyonya kwa kina na kwa muda mrefu hushusha mapigo ya moyo wa mtoto, kwa hiyo unakuwa umemwongezea tatizo. Wengine husubiri dakika moja iishe "ili wapate Apgar", yaani alama za hali ya mtoto, kati ya 0 na 10, zinazotolewa dakika ya kwanza na ya tano. Apgar haianzishi huduma. Na kama rejesta yenu ina 8 na 10 kwa kila mtoto, ujue inajazwa kwa kukumbuka, tena saa mbili baadaye.

Kwenye ambu ndiko penye kazi. Lengo ni pumzi 40 kwa dakika, yaani mibano 20 ndani ya sekunde 30. Wengi tumefundishwa kuhesabu "moja, mbili, tatu", tukibana kwenye moja na kuachia kwenye mbili na tatu. Ni sawa, ila mwenye hofu huhesabu mbio hadi anafika 70, na kifua hakipati nafasi ya kushuka. Ndiyo maana saa ishikwe na mtu mwingine. Mwenye saa ahesabu pia ni mibano mingapi kati ya 20 iliyoinua kifua. Hiyo namba ndiyo inayosema kweli kuliko alama yoyote ya mtihani.

Kifua kisipopanda, sababu ni chache. Maski haijakaa: iguse kidevu na ifunike mdomo na pua, isipande machoni. Maski namba 1 ni ya mtoto aliyetimiza miezi, namba 0 ya njiti. Kituo chenye namba 1 tu kitamkosa njiti kila siku. Shingo imekunjwa, au imevutwa nyuma kupita kiasi: iwe kama ya mtu anayenusa kitu, na kipande cha kanga kilichokunjwa chini ya mabega husaidia. Njia ya hewa imeziba: safisha, fungua mdomo kidogo. Ukishahakikisha yote hayo, ndipo ubane kwa nguvu zaidi. Watu wengi huanza na nguvu, na hapo ndipo hewa inapoishia tumboni.

Kosa jingine liko kwenye kuosha. Ambu imefunguliwa, imesafishwa, imerudishwa, kumbe kile kiwambo kidogo cha vali kimebaki kwenye beseni. Hakuna atakayejua hadi siku inapohitajika. Kila zamu inayoingia ikague: bana maski kwenye kiganja, minya mfuko, usikie hewa ikitoroka kwenye vali ya usalama, kisha uachie uone mfuko unajaa mara moja. Sekunde kumi.

Daftari liwe la mistari mitano tu: tarehe, jina, sekunde hadi pumzi ya kwanza, mibano iliyoinua kifua kati ya 20, kosa lililorekebishwa. Muuguzi Mkuu wa Wilaya akija kwenye usimamizi shirikishi, mwonyeshe hilo. Mafunzo endelevu yanahitajika mnapohuisha leseni za Baraza la Uuguzi na Ukunga, lakini usiwaahidi wenzako pointi kwa zoezi hili kabla hamjazungumza naye.

Kuna suala la wakubwa. Muuguzi wa miaka ishirini kazini hatashika maski mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ukimlazimisha umempoteza. Mpe saa kwanza, awe yeye anayepima wengine. Wiki ya pili au ya tatu ataomba mwenyewe. Anayekosea asisemwe kwa sauti. Muulize yeye kwanza angebadili nini.

Mkishazoea, baada ya miezi miwili hivi, ongezeni zoezi la kukadiria damu anayotokwa mama. Pima maji ya rozela 250 ml na 500 ml, mwaga juu ya kanga na mpira wa kitanda, kila mtu aandike makadirio yake kwenye karatasi kabla hujasema. Karibu wote watakadiria pungufu, na 500 ml ndicho kiwango cha kumwita mama ametokwa damu nyingi baada ya kujifungua kawaida. Mawese msitumie hata kama ndiyo yaliyo jikoni: hayasambai kama damu, na hiyo kanga hamtaivaa tena.